Shajara ya kujiandaa kwa KDF: kilo nne, raba mbili na mpenzi wa kubuni

6 Januari: nilipo

Naandika kwa ajili ya msichana mmoja ambaye simjui. Anataka kuingia KDF, jeshi la Kenya, anapenda wasichana, na hana wa kumuuliza. Mimi nilimtafuta mtu aliyeitembea njia hii akaandika, sikumpata, kwa hiyo nitaandika mwenyewe nikiendelea. Nikikosea utaona nilipokosea na kosa lilinigharimu shilingi ngapi.

Nina miaka 22. Nakaa Free Area, Nakuru, na mchana nakaa kwenye kibanda cha M-Pesa cha mtu. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata C ya kutoa. Mpenzi wangu nitamwita K., inatosha. Nataka kuingia kama kurutu wa kawaida, si kadeti anayefunzwa kuwa afisa. Makadeti hufunzwa hapa Lanet, na malori yao hupita karibu na kwetu tangu nikiwa mtoto. Makurutu hupelekwa Eldoret, Moi Barracks.

Masharti ni yale ambayo hutangazwa gazetini mwaka baada ya mwaka: Mkenya, umri wa miaka 18 hadi 26, KCSE isipungue D, urefu usipungue mita 1.60, na mwanamke asipungue kilo 50. Mwanamume ni 54.55. Usiwe na rekodi ya uhalifu. Mwanamke asiwe na mimba siku ya kuandikishwa wala wakati wa mafunzo. Sharti hilo la mwisho K. alilisoma kwa sauti, akacheka mpaka akakaa chini.

Hali yangu leo: urefu mita 1.63. Uzito 49, kwa mizani ya mzee wa pale stendi. Nakimbia kilomita moja kisha natembea. Pushapu nne, ya nne ni ya kuonewa huruma. Jino moja limetoboka. Jina langu kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha KCSE halilingani. Na lile jambo lingine, ambalo halina mizani.

19 Januari: mizani

Kosa la kwanza, na ni la kipuuzi. Mzee wa stendi anatoza shilingi 10 kupima uzito na nilikuwa nampa biashara kila Jumamosi. Jana nilienda zahanati kwa sababu ya jino, nikapandishwa kwenye mizani yao. 46.8. Nikashuka, nikavua raba na jaketi, nikapanda tena. 46.1. Nesi akaniuliza kama ninaumwa.

Kumbe ile ya stendi inazidisha karibu kilo mbili, na mimi nilikuwa napimwa na jaketi, simu na funguo za kibanda mfukoni. Nilidhani nimebakiza kilo moja, kumbe ni karibu nne. Tangu leo napima zahanati tu, kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla sijala, bila raba. Mizani ni ile ile, saa ni zile zile.

Jino nililiziba kwa shilingi 2,500. Kung'oa ni rahisi zaidi, lakini siku ya mchujo unafunguliwa mdomo kama mbuzi sokoni na pengo huhesabiwa. Using'oe linalozibika.

9 Februari: raba na ugoko

Mbio sikuzijua. Nilidhani ukitaka kukimbia unakimbia. Wiki ya kwanza nilifanya kilomita 8 jumla, ya pili 18, ya tatu 31 kwa sababu nilijisikia shujaa. Ijumaa ya wiki hiyo ugoko wa mguu wa kushoto ulianza kuuma, upande wa ndani, kuanzia shubiri moja juu ya kifundo. Nikaendelea. Jumapili sikuweza kushuka ngazi bila kushika ukuta.

Nilipumzika siku 12. Hakuna dawa niliyonunua iliyosaidia, na nilinunua mbili, jumla shilingi 650. Kilichosaidia ni kupumzika.

Makosa yalikuwa matatu na yalikutana. La kwanza ni hesabu: usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Ukifanya 10 wiki hii, wiki ijayo ni 11. Inachosha kwa upole, lakini mguu haukudai. La pili, nilikuwa nakimbia kwenye lami kandokando ya barabara kuu, sasa niko kwenye murram ya nyuma ya mtaa. La tatu ni raba. Nilizinunua mitumba kwa 800, nzuri ya kutazama. Zipange mezani uziangalie kutoka nyuma, kisigino kikiwa kwenye usawa wa jicho lako. Za kwangu zilikuwa zimelala upande wa ndani kama nyumba ya udongo baada ya masika. Mtu fulani huko ng'ambo alizitembelea miaka yote akiwa na mguu wake, halafu mimi nikaurithi. Nikanunua nyingine, mitumba pia, kwa 2,300, baada ya kuzipanga mezani jozi sita mbele ya muuzaji akanikasirikia.

Zile za 800 nimempa mdogo wangu kwa kutembelea tu.

23 Februari: chai

Nilikuwa nachoka mapema mno. Si miguu, ni pumzi, na kichwa kuzunguka nikiinuka. K. akasema nipime wingi wa damu. Shilingi 300, majibu baada ya saa moja: 10.2. Mwanamke anatakiwa kuwa na 12 kwenda juu. Yaani nilikuwa nataka kwenda kukimbia Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, na damu ya mtu aliyetoka kujifungua.

Daktari hakuuliza kuhusu nyama kwanza. Aliuliza, "Chai unakunywa saa ngapi?"

Nikamwambia, daktari, hii ni Kenya. Asubuhi na mandazi, saa nne kibandani, baada ya chakula cha mchana, jioni, na usiku nikienda kwa mama siwezi kukataa.

Akanieleza kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Sukuma wiki, maharagwe, ndengu, vyote nilivyokuwa nakula kwa bidii nilikuwa naviosha na chai. Chai sasa ni saa moja na zaidi baada ya kula, au kabla. Vidonge vya chuma nakunywa na maji ya ndimu. Vinafunga tumbo na choo kinakuwa cheusi, usiogope kama nilivyoogopa mimi saa kumi na moja alfajiri.

Kwa mama ilikuwa vita. Kukataa chai ya mama ni kumwambia kuna kitu. Alinitazama tumboni. Nikamwambia, "Mama, ni damu, daktari amekataza." Akatulia, lakini naona anahesabu miezi. Laiti angejua jinsi anavyohesabu bure.

16 Machi: makaratasi

Cheti cha mwenendo mwema: maombi kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, 1,050, alama za vidole, subiri. Hakuna hadithi hapo. Jina: kitambulisho kina majina matatu, cheti cha KCSE kina mawili na moja lina herufi ya ziada. Nilienda kwa wakili nikaapa kwamba watu hao wawili ni mimi, shilingi 1,000. Fanya mapema.

Hadithi iko kwenye cheti cha kumaliza shule. Nilikuwa sijakichukua tangu 2021. Najua kwa nini sikukichukua.

Nikiwa kidato cha tatu, mwezi wa saba, baridi ya kule bondeni ikiwa kali, nilikutwa na msichana mwingine chini ya blanketi moja. Tulikuwa tumelala. Kulala tu, saa tisa usiku, soksi miguuni. Tulirudishwa nyumbani wiki mbili na wazazi wakaitwa, na neno "wasagaji" likasemwa ofisini mbele ya mama yangu, ambaye hakulijua vizuri akaniuliza njiani kama tulikuwa tumeiba unga. Yule mwenzangu hakurudi. Mimi nilirudi, na hadi namaliza nilikuwa na kitanda cha pembeni ambacho hakuna aliyetaka kuwa jirani yake.

Kwenye cheti cha kumaliza shule kuna mstari wa mwenendo, na anayeujaza ni mwalimu. Nilikuwa na hakika ya kilichoandikwa. Nimeishi miaka minne nikiwa na hakika.

Nauli kwenda na kurudi 900. Karani alitafuta kwenye katoni tatu. Nilikuwa nadaiwa kitabu cha Kemia, 750, nikalipa. Kisha akakivuta cheti, akakipuliza vumbi, akanipa bila kukisoma. Nilitoka nacho hadi kwenye tangi la maji ndipo nikakigeuza. Mwandiko ulikuwa wa naibu mwalimu mkuu, yule yule aliyemwita mama. Kwa Kizungu alikuwa ameandika maneno mawili tu kwenye mstari huo: mtiifu, mkimya.

Nilisimama pale hadi kengele ya saa nne. Bado sijui kama lilikuwa jambo jema alilonifanyia au hakukumbuka tu mimi ni nani. Kama una karatasi iliyokwama mahali kwa sababu ya aibu, nenda kaichukue sasa. Usingoje tangazo litoke ndipo ukimbie.

6 Aprili: Kevo

Hili ndilo kosa langu kubwa na nitaliandika lote.

Tangu Februari nafanya mazoezi na kikundi, watu saba, wasichana watatu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, murram, kisha pushapu kwenye uwanja wa kanisa. Kikundi kinasaidia: peke yangu sikuwahi kupita pushapu 11, nao nimefika 24. Lakini watu wanaokimbia pamoja huongea, na kufikia wiki ya pili nikaulizwa, "Na wewe bwana yako ni nani?"

Nilikuwa nimejipanga. Nilidhani hiyo nayo ni sehemu ya maandalizi, kwamba kule Eldoret nitaulizwa hivyo hivyo, basi heri nianze mapema na jibu liwe laini mdomoni. Nikasema anaitwa Kevo. Yuko Mombasa, bandarini. Sababu ya Mombasa ni kwamba ni mbali.

Uongo ni kama kufuga kuku wa kienyeji. Unadhani atajitafutia. Wiki iliyofuata Kevo alikuwa na simu, na kwa nini hapigi? Akawa na kabila. Akawa na mama aliyenipenda. Siku moja nikasema ni mrefu, siku nyingine nikasema tunatoshana, na msichana mmoja, ambaye kumbukumbu yake ingefaa upelelezi, akasimama katikati ya kilomita ya nne akasema, "Si ulisema ni mrefu?"

Akataka picha. Nikamwonyesha picha ya binamu yangu.

"Huyu si kondakta wa Njoro?"

Ni kondakta wa Njoro. Ana mke na watoto wawili. Kwa siku tatu nilikuwa, mtaani, mwanamke anayetembea na mume wa mtu, na mke wake ni shemeji yangu niliyembebea mtoto siku ya ubatizo.

Nikamaliza kwa kusema tumeachana. Hapo mambo yakazidi. Wasichana waliniletea mandazi kunipa pole, nikala mandazi ya msiba wa mtu ambaye hajazaliwa. Na wavulana wawili wa kikundi wakaanza kunisindikiza nyumbani, kila mmoja akijaribu kumwacha mwenzake nyuma.

K. hakucheka safari hii. Aliniuliza, "Na mimi nilikuwa wapi wakati Kevo anaenda Mombasa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa mwanamume wa hewa maneno yake K.: jinsi anavyokunja chapati, jinsi anavyolala akiongea. Ndiyo sababu uongo ulikuwa mtamu wakausadiki. Ulikuwa kweli tupu uliovalishwa suruali.

Marekebisho, baada ya wiki mbili za kujaribu majibu mengine kwa sauti mbele ya kioo: kila ninachosema lazima kiwe kweli, hata kama ni kifupi. "Mambo ya mapenzi siongei mpaka nivae sare." Ni kweli. "Mtu wangu ni mtu wa faragha." Ni kweli, na Kiswahili kimenisaidia bila kuombwa: mtu ni mtu, yeye ni yeye, na lugha haiulizi ni wa kike au wa kiume. Anayezungumza Kizungu hukwama kwenye neno la pili. Kwa nini nilihitaji Kevo wakati lugha ya mama yangu ilikuwa imeshanificha, sijui.

20 Aprili: Afande, na Katiba

Kuna mama wa mtaa wa pili ambaye ni sajini mstaafu. Aliingia wakati wanawake walikuwa kwenye kikosi chao peke yao. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1999 na wanawake wakachanganywa na wanaume. Nilimpelekea mkate na sukari nikamwomba anifunze. Siku tatu kwa wiki ananipitisha uwanjani mwake: kusimama wima dakika 40 juani bila kujikuna, kutandika kitanda, kupiga pasi, kuoga kwa dakika tatu na kibakuli kimoja cha maji. Hela hachukui.

Ukutani ana picha iliyokatwa gazetini ya Fatuma Ahmed: brigedia wa kwanza mwanamke mwaka 2015, meja jenerali mwaka 2018, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Afande huigonga kwa kidole kila nikilalamika.

Nilimuuliza kwa kuzunguka: bwenini kukoje, wasichana wengi, maisha ya mtu binafsi. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Msichana wangu, mimi sijakuuliza kitu. Na wewe usiniambie kitu. Umenielewa?"

"Ndiyo, Afande."

"Kitanda cha jeshi ni cha mtu mmoja. Ukikumbuka hilo peke yake umemaliza mafunzo nusu." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Bafuni macho ni ya ukutani. Si kwa ajili yako. Kwa wote."

Nilirudi nyumbani nikifikiri juu ya lile blanketi la kidato cha tatu.

Upande wa sheria nimesoma mwenyewe, maana kuna wanaodhani wanawake hawaguswi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inaadhibu kile inachokiita tendo kinyume cha maumbile, hadi miaka 14. Kifungu cha 165 kinataja wanaume tu. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Mahakama ya Juu, Februari 2023, ilisema watu kama sisi tunaweza kusajili shirika letu, lakini vifungu vilibaki. Kisha K. akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona: Katiba yetu, Ibara ya 31, inalinda faragha, ila Ibara ya 24 inaruhusu sheria kuipunguza haki hiyo kwa aliye ndani ya jeshi au polisi. Faragha iko kwenye orodha hiyo, ya kwanza kabisa. Na Sheria ya KDF ya mwaka 2012 ina kosa la mwenendo unaovuruga nidhamu, ambalo ni gunia pana.

K. akaniuliza, "Na bado unaenda?"

Bado naenda. Sisemi ni busara. Kibanda kinanilipa 11,000 kwa mwezi, mdogo wangu yuko sekondari, na tangu nina miaka saba nikiona yale malori naacha ninachofanya nisimame. Sababu zote mbili ni za kweli na sijui ipi ni nzito.

11 Mei: simu

Kioo cha simu kilipasuka. Fundi alisema 1,200, niache saa mbili, nimpe na neno la siri ili ajaribu kama inagusika. Nikampa. Niliporudi simu ilikuwa imepona na bei ilikuwa 3,000.

Nikauliza kwa nini. Akaigeuza simu mezani, kioo juu. Picha ilikuwa wazi: mimi na K., siku ya kuzaliwa kwake, hakuna kibaya ndani yake ila nyuso zetu zilivyo karibu. "Huyu ni dada yako?" akauliza, polepole, akiwa amejua.

Nilikuwa nimeapa kusema kweli. Nikasema, "Hapana." Nikalipa 3,000. Mikono ilitetemeka mpaka namba ya M-Pesa nikaikosea mara mbili, mimi ninayeishi kwa kuzibofya.

1,800 za ziada ndizo ghali kuliko zote katika shajara hii. Ningeweza kwenda polisi. Kumtisha mtu ili atoe pesa ni kosa, lakini ungeenda kumweleza polisi picha ya nini? Na ukimlipa wa aina hiyo mara moja, atarudi. Nilikaa wiki nzima nikingoja ujumbe wake. Haujaja.

Nilichobadilisha: picha zote za K. zimetoka kwenye simu yangu na kwenye akaunti inayozihifadhi mtandaoni, ambayo nilikuwa nimeisahau. Nilipozifuta kwenye simu tu hazikufutika, zilikuwa zinarudi zenyewe kama paka. Anazo yeye. Namba yake imebaki kwa jina lake halisi. Fundi yeyote: unasimama hapo hapo mpaka amalize, neno la siri unaliandika mwenyewe. Eldoret simu sitakuwa nayo, kwa hiyo atakayeishi na hatari hii ni K., na kwake nilifanya usafi huo huo jioni hiyo.

Tulikuwa hatujawahi kuzungumza juu ya jambo lingine: fomu zina nafasi ya jamaa wa karibu, na nafasi hiyo ni ya mama. Nikivunjika mguu, K. hataambiwa na mtu. Mdogo wangu anajua kutuhusu, alijua kabla sijamwambia. Tumekubaliana: mama akipigiwa, mdogo wangu anampigia K. siku hiyo hiyo. Barua zitatoka kwa "rafiki yako wa Free Area", jambo ambalo ni kweli. K. ameshaandika ya kwanza. Hataki niisome kabla sijaondoka.

1 Juni: Menengai

Jumapili mbili kwa mwezi tunapanda Menengai kutoka mjini. Ukingo wa kreta uko mita 2,278, mji uko kama mita 1,850, kwa hiyo ni ngazi ya mita mia nne na zaidi, na ukifika juu umepita kimo cha Eldoret. Mwezi wa nne nilipanda nikisimama mara saba. Leo sikusimama. Mvulana mmoja wa wale wawili alitapika kwenye kichaka cha leleshwa, jambo lililonifurahisha kuliko inavyostahili.

Damu: 12.3. Pushapu: 38. Kilomita 5 kwa dakika 27 na sekunde 40. Uzito 49.1.

Uzito ndio unaonikera. Nakula mayai matatu, uji wa wimbi na njugu, omena, parachichi, maziwa nusu lita, karibu shilingi 180 kwa siku juu ya chakula cha kawaida, kisha nakimbia naimwaga barabarani. Nimepunguza mbio siku moja kwa wiki, nimeongeza yai la nne na uji wa usiku.

Wiki hii pia alikuja jamaa anayemjua jamaa. Barua ya kuitwa kwa 250,000, nusu kwanza. Nilimwambia kuandikishwa ni bure na wanaofika Eldoret na barua za kununua hukamatwa getini. Akasema ya kwake ni ya uhakika. Sina hata 2,500, kwa hiyo uadilifu wangu haukujaribiwa sana.

15 Juni: nywele

Tangazo bado. Faili iko tayari: nakala mbili za kila kitu, halisi kwenye bahasha ya plastiki, ndani ya sanduku la mama.

Nilikata nywele fupi nikiwa na miaka 19, na mama hakunisemesha wiki mbili. Kanisani waliniita tomboi mbele yangu. Sasa Afande anasema niingie uwanjani nikiwa nimenyoa kabisa, maana kule wasichana wote hunyolewa na asiyezoea hulia. Nilipomweleza mama kwamba ni amri ya jeshi, akaenda mwenyewe kuazima mashine ya kunyolea kwa jirani. Miaka mitatu ya ugomvi, ikaisha kwa sababu sare imeruhusu.

K. ndiye aliyeninyoa, nyuma ya nyumba, mimi kwenye kigoda na kanga begani. Hakuongea. Alikuwa anakunja sikio langu kwa vidole viwili kila alipolifikia, taratibu, kama mtu anayefungua ukurasa. Mama alitoka na beseni la maji ya moto, akatutazama, akamwambia K., "Mwanangu, hapo nyuma umeruka." Akarudi ndani.

Kisha tukaenda zahanati. 50.2.

"Kabla ya kunyoa ulikuwa hamsini nukta tatu," akasema K., na akaandika namba zote mbili kiganjani.